Mpe Mwanafunzi Kalamu Nyekundu

Asubuhi moja niliandika tarehe ubaoni kwa haraka, nikaandika "Wenesday", ile d nikaisahau. Jioni nilipokaa kusahihisha madaftari ya kidato cha kwanza, mkondo wenye wanafunzi 84, nikalikuta kosa langu kwenye daftari la kwanza, la pili, la kumi. Nilifika la mwisho sijaona hata moja lililoandikwa sawasawa. Kesho yake nikawauliza kama kweli hakuna aliyegundua. Mikono kama sita ikanyanyuka taratibu, kwa woga. Msichana mmoja wa dawati la nyuma akasema, "Niliona, mwalimu, lakini ni wewe uliyeandika."

Jibu lile limenikaa moyoni miaka yote hii. Mtoto yule aliijua Jumatano ya Kiingereza tangu shule ya msingi. Ujuzi alikuwa nao, ruhusa hakuwa nayo. Nilikuwa nimemfundisha, bila kutamka neno, kwamba kujua ni kazi yangu na kunakili ni kazi yake.

Makala haya nawaandikia walimu wenzangu wa Kiingereza, hasa wa shule za kata, wenye madarasa ya watoto 70, 80 au 90 na boksi la chaki. Nataka kueleza jinsi ya kumkabidhi mwanafunzi kazi ya kujifunza, kipande kwa kipande, mpaka aweze kuibeba hata siku ambayo mwalimu hayupo.

Wataalamu wa ufundishaji wa lugha walianza kulijadili jambo hili kwa nguvu baada ya Henri Holec, wa Chuo Kikuu cha Nancy nchini Ufaransa, kuandika ripoti kwa ajili ya Baraza la Ulaya iliyotoka kama kitabu mwaka 1981. Kwa Holec, mwanafunzi anayejitegemea ni yule awezaye kusimamia kujifunza kwake mwenyewe: aweke lengo, achague cha kusoma na namna ya kukisoma, kisha ajipime. Sisi neno tulikuwa nalo kabla yake. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, na ndani yake alitaka shule imjenge kijana mwenye akili ya kudadisi na mwenye kujiamini. Mashuleni tulilipokea jembe na banda la kuku, ule udadisi tukauacha mlangoni. Mtoto akawa anajitegemea shambani, akirudi darasani anangoja notsi.

Kwetu Tanzania hali hii ina uzito wa pekee. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali husoma karibu kila kitu kwa Kiswahili mpaka anamaliza. Akiingia kidato cha kwanza anapewa kozi ya awali ya wiki chache, halafu Bailojia, Jiografia na Hesabu zote zinamjia kwa Kiingereza. Hakuna mwalimu wa Kiingereza, hata awe hodari namna gani, anayeweza kuliziba pengo hilo kwa vipindi vyake peke yake. Piga hesabu mwenyewe. Kipindi ni dakika 40. Wanafunzi 80 wakipeana zamu ya kuzungumza na wewe, kila mmoja anapata nusu dakika, hapo hujaita mahudhurio wala hujafuta ubao. Lakini ukiwapanga wawiliwawili kwa dakika 10 tu, kila mtoto amezungumza dakika tano. Ni mara kumi ya ile nusu dakika, na kipindi bado kimebaki robo tatu.

Basi mimi huanzia hapo, kwa wawiliwawili wa dawati moja, bila kuhamisha kiti. Kazi iwe ndogo na iwe na mwisho unaoonekana. Ukiwaambia "zungumzeni kuhusu familia" watacheka na kunyamaza. Waambie kila mmoja atafute mambo matatu ambayo mwenzake hufanya kabla ya kuja shule, ayaandike, kisha asimame ayaseme. Ishara ya kunyamaza muikubaliane mapema: mimi hunyoosha mkono, anayeona anyooshe wake na kufunga mdomo, mpaka darasa zima limetulia. Kelele zitakuwepo. Mkuu wa shule atachungulia dirishani. Mweleze siku moja kabla kwamba zile ni kelele za kazi, umkaribishe aje asikilize.

Na Kiswahili? Kiruhusu, ukitengee mahali. Dakika mbili za kupanga wazo kwa Kiswahili, kisha dakika nane za kulisema kwa Kiingereza. Mtoto aliyekwisha kujua anachotaka kusema ndiye anayetafuta maneno ya kukisemea. Naomba pia tuachane kabisa na kile kibao cha kumvisha shingoni mtoto aliyesikika akiongea Kiswahili, na faini, na fimbo. Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza katika kitabu chake cha 1986 jinsi watoto wa Kenya ya mkoloni walivyochapwa na kuvishwa vibao vya kuwadhalilisha kwa kusema Kigĩkũyũ. Ni adhabu tuliyoirithi, na matunda yake ni mtoto anayechagua kukaa kimya kutwa nzima. Mtoto aliye kimya hajifunzi Kiingereza wala hajifunzi kujitegemea.

Kitu cha pili cha kukabidhi ni kamusi. Shule nyingi zina nakala mbili tatu za kamusi ya Kiingereza na Kiswahili iliyotolewa na TUKI, na mara nyingi zimefungiwa kabatini zisichakae. Zitoe. Weka nakala moja kila baada ya safu mbili na uteue mtunzaji wake. Halafu fundisha namna ya kuitumia, maana watoto hawajui na hatujawaambia. Wengi hutafuta "went" wasione cha maana, wakahitimisha kwamba neno halimo. Hapo nawakumbusha kamusi ya Kiswahili: ukitaka "walikwenda", hulitafuti kwenye herufi w, unavua viambishi mpaka ubaki na "enda". Kumbe kazi hiyo wanaijua. Kiingereza nacho kina mavazi yake. "Went" na "gone" wamezaliwa na "go". Toka siku hiyo kuna kanuni moja darasani kwangu: kabla ya kuniuliza maana ya neno, kisia kwanza kutokana na sentensi, kisha tazama kamusi, kisha muulize jirani. Mimi ni wa nne. Na mara nyingine nikiulizwa huwa sijui, nasema sijui, tunafungua kitabu pamoja mbele ya wote. Wenye kunikamata nimekosea ubaoni huja mbele, hupewa chaki, na hulisahihisha kosa wao. Husemwa kuuliza si ujinga, lakini mtoto haamini mpaka amwone mwalimu wake akiuliza.

Sasa nije kwenye lile ninaloona limezaa matunda kuliko yote, usahihishaji wa insha.

Kwa miaka mingi nilisahihisha kama nilivyosahihishiwa. Nilikata, niliandika jibu sahihi juu ya kosa, daftari likawa jekundu kama limechinjiwa kuku. Mwanafunzi akipewa alitazama alama, akalifunga. Insha iliyofuata ilikuwa na makosa yaleyale. Kazi yote ya kufikiri nilikuwa nimeifanya mimi, usiku, na kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nikijifunza. Siku hizi siandiki jibu. Kwenye mstari wenye kosa naweka kistari kimoja pembeni ya ukurasa. Makosa mawili, vistari viwili. Sisemi kosa liko wapi wala ni la aina gani. Daftari linarudi kwa mwenyewe, nampa dakika 10 na kalamu nyekundu, ajisahihishe akishirikiana na jirani. Alama naiandika baada ya hapo. Utastaajabu ni makosa mangapi wanayoyaona wenyewe, kwa sababu mengi hayakutokana na kutojua, yalitokana na kutorudia kusoma walichoandika. Yale yaliyowashinda ndiyo yanayostahili kipindi chako cha kesho.

Halafu kila mwanafunzi ana ukurasa wa mwisho wa daftari wenye kichwa "Makosa Yangu". Yasizidi matatu. Akilishinda moja, analikata na kuandika jingine. Kabla ya kukusanya insha yoyote anaisoma mara tatu, kila mara akiwinda kosa moja tu. Na hapa mwalimu anayekijua Kiswahili ana mtaji ambao mgeni kutoka Uingereza hana, kwa kuwa tunajua makosa hayo yanatoka wapi.

Chukua "he" na "she". Mtoto anaandika, "My mother is sick, he is in hospital." Tunamwita mzembe. Lakini Kiswahili hakitofautishi: baba ni yeye, mama ni yeye, na wote wawili ni "anaumwa". Kumwambia awe makini hakumsaidii. Mpe kitu cha kufanya kwa mkono: kila penye he, she, his na her azungushie duara, kisha achore mshale hadi kwenye jina la anayetajwa. Mshale ukigonga "mother", atashtuka mwenyewe.

Chukua wakati uliopita. "Yesterday I went to the market, buy fish and come back." Nilidhani ni kusahau tu, mpaka nilipoitafsiri sentensi ile: "Jana nilikwenda sokoni, nikanunua samaki, nikarudi." Tazama. Kiswahili kinaweka -li- mara moja mwanzoni, kisha -ka- inavibeba vitenzi vinavyofuata. Mtoto ameshaonyesha wakati kwenye "went", anaona kazi imekwisha. Naamini hapo ndipo kosa linapozaliwa, na nilipowaandikia sentensi hizo mbili ubaoni sambamba, darasa likaanza kunong'ona. Waliigundua kanuni wenyewe: kila penye -ka- kwa Kiswahili, Kiingereza kinadai kitenzi kivae wakati uliopita upya. Sikuwahi kupata ufafanuzi mzuri kama ule kwenye kitabu.

Hata matamshi ni hivyo. Anayesema "sank you" mwambie ahesabu kwa Kiswahili kuanzia 29 hadi 31, asikilize ulimi wake kwenye "thelathini". Kama anaitamka vizuri, sauti anayo. Kama anasema "selasini", amepata mazoezi ya lugha mbili kwa mpigo mmoja. Habari ya "a" na "the" mimi huiacha iwe ya mwisho, kwani Kiswahili hakina kitu cha kulinganisha, na kosa lake ni nadra kumzuia mtu kueleweka.

Baada ya kalamu nyekundu linafuata daftari la safari. Wazo hili si langu. Huko Denmark, mwalimu Leni Dam aliwapa wanafunzi wake wa Kiingereza madaftari ya kumbukumbu, kila mtoto akiandika alichopanga, alichofanya na jinsi kilivyokwenda. Madarasa yake hayakuwa na watoto 84. Hata hivyo daftari dogo la kawaida linatosha, na ukilikata katikati unapata mawili. Mwishoni mwa kipindi, dakika tatu, kila mmoja anaandika mistari mitatu: leo naweza nini ambacho jana sikukiweza, nimekwama wapi, kabla ya kipindi kijacho nitafanya nini. Majuma ya kwanza waandike kwa Kiswahili wakipenda. Kiingereza kitaingia chenyewe, neno kwa neno.

Sisitiza "naweza". Juma la kwanza watakuandikia "leo nimejifunza Present Simple", sentensi ambayo haimwambii mtu chochote. Rudisha, muulize: unaweza kufanya nini nayo? Baada ya miezi miwili mvulana mmoja aliniandikia kwa Kiingereza kwamba sasa anaweza kumweleza daktari mahali panapouma, lakini hawezi kusema ni tangu siku ngapi. Sijawahi kuandika azimio la kazi lenye lengo lililo wazi kiasi hicho. Kesho yake nilifundisha "for" na "since", na darasa lilijua kwa nini.

Usijaribu kuyasoma madaftari 84 kwa siku moja. Utachoka na wiki ya tatu utaacha. Soma safu moja kila siku, kama 17 hivi, na kufika Ijumaa umewamaliza. Usisahihishe lugha humo. Andika jibu la sentensi moja, likiwa swali ni bora zaidi. Na uwe mwaminifu kwa unayoyasoma. Katika madaftari hayo nilijua kwamba wasichana wengi wa darasa langu hawakuwa na nafasi ya kusoma kabla ya saa tatu usiku, kwa maji, vyombo na wadogo zao. Mipango ya saa moja waliyoiandika ilikuwa ya kunifurahisha mimi. Tukakubaliana mpango uwe wa dakika 10 za kweli: maneno matano kwenye kipande cha karatasi, yanayokaririwa njiani kwenda kisimani. Anayepanga dakika 10 akazitimiza amejifunza kujipangia. Anayepanga saa moja asiitimize amejifunza kujidanganya.

Kuhusu uchaguzi wa cha kusoma nitasema machache. Huko Cameroon, mwalimu Harry Kuchah, aliyeandika juu ya kazi yake pamoja na Richard Smith mwaka 2011, alikuwa na darasa la zaidi ya wanafunzi mia mbili na vitabu vya kuhesabika kwa vidole. Akawaomba wanafunzi wenyewe walete maandishi ya kusomea. Nasi tuna Kiingereza kila mahali. Karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi la dawa. Mfuko wa mbolea, pakiti ya mbegu za mahindi, maelekezo ya simu mpya. Na mitumba! Nusu ya fulana za mtaani zina maandishi ya Kiingereza ambayo mvaaji hajawahi kuyasoma. Waambie kila mmoja alete sentensi moja aliyoiokota, aeleze alikoiona na anavyodhani maana yake. Tukifika kwenye hadithi kama Mabala the Farmer au Hawa the Bus Driver, makundi huchagua waanze na ipi, na maswali ya ufahamu huyatunga wao kwa ajili ya kundi jingine. Kutunga swali zuri kunahitaji kukielewa kifungu kuliko kulijibu.

Walimu huniuliza, mtaala je? NECTA je? Wasiwasi huo nauelewa, nami niliuogopa mtihani wa kidato cha pili kama wao. Lakini fikiria chumba cha mtihani: mtoto yuko peke yake, hana wa kumnong'oneza, insha anaiandika na kuisahihisha mwenyewe kabla ya kukusanya. Mazoezi ya kujisahihisha ni mazoezi ya mtihani. Muda unaopungua ni ule wa kunakili notsi, na notsi zimo vitabuni. Wathibiti ubora wakija, wape madaftari ya safari wayasome. Yanaonyesha ujifunzaji kuliko andalio la somo.

Kuna namna moja ya kuliharibu jambo hili, nami nimeiona. Mwalimu anasema "leo mtajisomea", anamkabidhi monita chaki, anaondoka kwenda zake. Huko ni kuwatelekeza watoto. Darasa la wanafunzi wanaojitegemea linamchosha mwalimu kuliko la mhadhara, hasa muhula wa kwanza: unazunguka, unainama kwenye madawati, unasikiliza, unauma ulimi usiseme jibu. Wapo pia watakaobaki nyuma. Hao usiwaachie uchaguzi mpana. Wape kuchagua kati ya vitu viwili tu, na uwakae karibu zaidi mpaka miguu ipate nguvu.

Mwalimu mwenzangu, muhula ukifunguliwa usianze yote haya kwa pamoja. Chukua insha ya kwanza watakayoiandika, weka vistari pembeni, usiandike jibu hata moja. Nunua kalamu nyekundu chache, moja kwa kila dawati ikiwezekana, wagawie. Halafu kaa kimya dakika 10, uwaache watafute.